Sikukuu ya Mashujaa Hukuta Watu wa Tongaren Shambani

Ikiwa jamaa yako hukaa Nairobi, Mombasa au Nakuru, bila shaka wajua jinsi tarehe 20 Oktoba inavyopita nyumbani kwenu. Watoto hulala mpaka jua limepanda. Televisheni huwashwa, gwaride likaonekana, ndege za kijeshi zikapita juu ya uwanja, hotuba zikaanza, na kabla hazijafika katikati mtu amekwisha badilisha stesheni akatafuta mpira. Jioni ukimwuliza mtoto wa gredi ya saba ni shujaa yupi aliyeadhimishwa siku hiyo, atajikuna kichwa. Na ukimgeukia baba yake, naye atakohoa kidogo na kuuliza chakula kimefika wapi.

Leo nataka nikupe safari ya siku tatu ambayo jamaa yenye watoto wa shule wanaweza kuimudu bila kukopa. Ni safari ya kwenda Tongaren, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Bungoma, katikati ya Kitale na Webuye. Huko hakuna ufuo wa bahari wala simba. Kuna mahindi, barabara nyekundu, ng'ombe wa maziwa, na watu ambao siku ya Mashujaa huwa na kazi nyingi kupita siku ya kawaida. Lakini kama umewahi kujiuliza sikukuu hii ilianza kwa ugomvi wa kitu gani, basi kitu chenyewe utakikanyaga kwa miguu yako huko.

Usianzie Tongaren, hata hivyo. Panda basi la usiku la kwenda Kitale, ushuke asubuhi, unywe chai, kisha utafute matatu ya Kapenguria. Ni mwendo wa kilomita zisizofika 50 kuelekea kaskazini.

CHUMBA CHA KAPENGURIA

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi amri ya Hali ya Hatari, na usiku huohuo magari ya polisi yakaanza kuzunguka Nairobi na viunga vyake yakikamata watu. Kati ya waliokamatwa, sita walifanywa washtakiwa wakuu: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Serikali haikutaka kuwashtaki Nairobi mbele ya umati. Ikawapeleka Kapenguria, mji mdogo wa mpakani wakati huo, mahali ambapo mgeni hakuweza kuingia bila kibali.

Kesi ilianza Desemba 1952, ikaisha Aprili 1953. Hakimu aliitwa Ransley Thacker. Wakili mkuu wa washtakiwa, D. N. Pritt, alitoka Uingereza, na pamoja naye walikuwapo mawakili wa Kihindi, wa Afrika Magharibi na wa Jamaika. Kapenguria haikuwa na nafasi ya kuwalaza wala simu ya kutegemewa, kwa hiyo mawakili walikuwa wakilala Kitale na kupanda kila siku na mafaili yao kwenye barabara ya vumbi. Ndiyo barabara uliyopita wewe asubuhi hii, ingawa sasa ina lami. Wote sita walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Baadaye hukumu ya Oneko ilifutwa na mahakama ya rufani, lakini hakuachiliwa. Aliendelea kuwekwa kizuizini.

Leo vyumba walimofungiwa ni sehemu ya makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1993. Mwingize mwanao katika kimojawapo cha vyumba hivyo na umwache asimame humo kwa dakika chache. Si lazima umweleze neno. Udogo wake unajieleza.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru tarehe hii iliitwa Sikukuu ya Kenyatta. Wazee wa leo waliikariri shuleni kwa jina hilo na kuliimbia nyimbo. Katiba mpya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyoibadilisha ikawa Sikukuu ya Mashujaa, moja ya sikukuu tatu za kitaifa zilizotajwa ndani yake, pamoja na Madaraka na Jamhuri. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kueleza ni nani anayestahili kuitwa shujaa na ni baraza gani litakalomteua. Kwa maoni yangu mabadiliko ya jina yalikuwa ya haki. Watu sita walikamatwa, na kabla yao na baada yao maelfu. Kuwapa wote tarehe moja yenye jina la mmoja kulikuwa kama kuita shamba la ukoo kwa jina la kaka mkubwa.

Lakini jina likishabadilika, swali linakuja: hao wengine ni akina nani, na wako wapi? Ndipo unaporudi Kitale na kushika njia ya Tongaren.

KITALE, NA NCHI YA NG'AMBO YA MTO

Kitale ni mji wa kupitia, nami sitakushikilia hapo. Ukipata saa moja, tembelea makumbusho yake; mkusanyo wake wa kwanza ulianza miaka ya 1920, na watoto hupenda wadudu na nyoka wake kuliko kitu kingine chochote. Angalia pia maghala makubwa ya nafaka. Mbegu za kwanza za mahindi chotara nchini zilitoka Kitale katika miaka ya 1960, na mpaka leo Kampuni ya Mbegu ya Kenya ina makao yake makuu hapo. Mkate wa mchana wa Mkenya wa mjini, yaani ugali, una asili yake katika mji huu.

Jina la kaunti, Trans Nzoia, maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia. Ng'ambo kutoka wapi? Kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akija na magari yake ya ng'ombe akitokea upande wa Eldoret. Aliyekuwa amezaliwa hapa hakuwa ng'ambo ya kitu, alikuwa kwao. Walowezi, au masetla kama wanavyoitwa huku, walianza kuingia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita hivyo serikali ikawagawia askari wa Kizungu mashamba mengine mengi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Nchi yote hii, pamoja na Tongaren, ikawa sehemu ya kile kilichoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, ambako Mwafrika aliweza kukaa kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba awe mfanyakazi.

Mfanyakazi huyo aliitwa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kulima kipande chake na kufuga ng'ombe wachache. Baadaye sheria zikazidi kukaza, ng'ombe wake wakapunguzwa, siku za kazi zikaongezwa. Shingoni alivaa kipande ndani ya kikebe cha bati. Watoto wa mjini huambiwa haya darasani, lakini yanasikika tofauti ukiyasema ukiwa umesimama kwenye shamba lenyewe.

Kutoka Kitale fuata barabara kuu ya Webuye, upitie Kiminini, halafu ukate kushoto, upande wa mashariki. Hapo unaingia nchi ya Ndalu, Soysambu, Mitua, Tongaren, Naitiri, Kabuyefwe, Milima na Mbakalo. Upande wa magharibi, kama mawingu hayajashuka, utauona Mlima Elgon ambao wenyeji huuita Masaba. Mashariki yako mto Nzoia unapita ukielekea Ziwa Victoria. Bodaboda ziko kila njia panda, na waendeshaji wake ni vijana wenye heshima wakiheshimiwa. Kwa wazee salamu ni "Mulembe", yaani amani. Ukiisema kwa lafudhi mbaya utachekwa kidogo, halafu utapewa kiti.

SIKU YENYEWE

Sasa fikiria umefika Tongaren tarehe 20 Oktoba, saa nne za asubuhi.

Kwenye uwanja kuna mahema machache, viti vya plastiki na kipaza sauti. Naibu kamishna wa kaunti anatarajiwa, machifu wamevaa sare zao za kaki, na wanafunzi wa shule mbili tatu wamepangwa tayari kuimba. Utaratibu ni uleule kila mahali nchini: bendera, wimbo wa taifa, sala, kisha hotuba ya Rais inasomwa, kwa kuwa Rais mwenyewe yuko kwenye sherehe kuu katika kaunti nyingine. Bungoma iliwahi kupata bahati ya sherehe ya kitaifa ya Madaraka tarehe 1 Juni 2024, pale Kanduyi. Tongaren haina uwanja wa namna ile, na wala haisikitiki.

Utakachogundua haraka ni kwamba umati si mkubwa. Wako wapi watu? Tazama pande zote. Oktoba ni mwezi wa mavuno. Mahindi yaliyopandwa mvua za Machi na Aprili zilipoanza yamekauka, mengine yamekatwa na kusimamishwa mafungu shambani kama vibanda vidogo vya manyasi, mengine yanamenywa maganda na akina mama walioketi mduara. Mvua za alasiri bado zinanyesha, na mvunaji anashindana nazo. Mwenye turubai ameanika uani; asiye nalo ameomba la jirani. Mahindi yakilowa huota ukungu, na yakiota ukungu hakuna atakayeyanunua. Basi chifu anaweza kutangaza sikukuu mara saba, lakini mwenye ekari tatu za mahindi makavu atakuja uwanjani akishamaliza mstari wake.

Wapo watakaosema huo ni upungufu wa uzalendo. Mimi sikubali. Hebu fikiri mahindi hayo yamesimama juu ya nini.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1960, Uhuru ukikaribia, walowezi wengi walitaka kuuza mashamba waondoke. Ulibuniwa mpango wa ekari milioni moja: mashamba yao yakanunuliwa, yakakatwa vipande, na wananchi wakapewa. Karibu familia 35,000 katika Kenya nzima zilipata makao kwa mpango huo. Wakati mipaka ya mikoa ilipochorwa upya kabla ya Uhuru, sehemu hii ya Trans Nzoia ikaingizwa upande wa Bungoma, na Ndalu, Tongaren na Naitiri zikawa skimu. Neno hilo bado liko hai. Ukimwuliza mtu wa makamo kwao ni wapi, huenda akakujibu tu, "Skimu."

Waliokuja walikuwa Wabukusu wengi, Watachoni, na Waluhya wengine kutoka sehemu ambako ardhi ilikuwa imejaa, Maragoli miongoni mwao. Walikuta nyumba za mawe za masetla, miti ya mikaratusi iliyopandwa kwa mstari, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe na majina yaliyoachwa nyuma. Kuna kituo cha biashara kiitwacho Brigadier kwenye barabara inayotoka Misikhu kupitia Naitiri. Ni cheo cha jeshi, na sasa kinauza sukari, simu na mbolea.

Hapa msomaji nataka utulie kidogo. Wananchi hawakupewa ardhi hii bure. Serikali ya Uingereza na wakopeshaji wengine walitoa mikopo ya kuwalipa walowezi, na aliyepewa shamba ndiye aliyebeba deni, la ardhi kwa muda wa miaka 30 na lingine la kununulia ng'ombe, waya na mbegu. Baba aliyefanya kazi ya uskwota kwenye shamba fulani angeweza kujikuta analilipia shamba hilohilo kidogo kidogo, kwa kukatwa fedha za maziwa yake katika chama cha ushirika. Wengi walichelewa. Barua za madai zilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba nyingi za skimu, zikihifadhiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na cheti cha ubatizo.

Je, ilikuwa sawa? Mashujaa wenyewe walitofautiana. Kaggia, yule wa Kapenguria, alisema waziwazi kwamba watu wasio na ardhi wasiuziwe kile walichonyang'anywa. Alikuwa waziri msaidizi. Mwaka 1964 akaondoka serikalini kwa sababu ya msimamo huo. Mwaka 1965 huko Kandara, Kenyatta alimkabili hadharani akamwuliza amejifanyia nini tangu watoke gerezani, hali wenzake kama Karumba wana mabasi na mashamba. Walikuwa wamefungwa pamoja, na sasa swali la mashamba kama haya ya Tongaren liliwatenganisha. Kaggia alibaki mtu wa maisha ya kawaida hadi alipofariki mwaka 2005. Mwenye kuketi kwenye viti vya plastiki siku ya Mashujaa hatasikia habari hizo katika hotuba. Lakini mzee aliyelipa deni miaka 30 anazijua bila kusoma.

Tena kuna jambo jipya. Shamba lililoingiwa na mtu mmoja na mkewe limegawiwa wana, na wana wamegawia wajukuu. Ekari 15 zimekuwa tatu, tatu zikawa nusu. Kila penye mpaka pamepandwa ua wa mitupa au mikaratusi, na mikaratusi yenyewe huzua kesi kwa chifu maana hunyonya maji ya jirani. Vijana wengi wanaoendesha zile bodaboda ni wajukuu wa watu wa skimu ambao shamba halikuwafikia.

MASINDE YUPI?

Sasa ukiwa umekaribishwa mahali, umekunywa chai ya maziwa mazito, na pengine umepewa ugali na kuku (mgeni huku hapewi kuku kwa ubahili, maliza sahani), uliza swali lako la shujaa. Mwite mzee Papa, mwite bibi Kukhu, na usiulize mwaka. Wabukusu wana marika manane ya tohara yanayozunguka, na mzee atakuambia jambo lilitokea wakati akina fulani walipotahiriwa. Ukitaka tarehe utaihesabu mwenyewe.

Yaelekea jina utakalopewa ni Masinde. Na hapo mtoto wa mjini atadakia, "Aa, yule wa chuo kikuu!"

La, siye. Masinde Muliro, ambaye chuo kikuu cha Kakamega na uwanja wa Kanduyi vimepewa jina lake, alikuwa mwanasiasa, msomi wa Cape Town, mmoja wa waasisi wa chama cha KADU, na aliyefariki Agosti 1992 alipokuwa amerudi kutoka London katikati ya harakati za vyama vingi. Ni mtu mkubwa, na anastahili makala yake. Lakini wa pili, Elijah Masinde, ndiye ambaye jina lake husemwa kwa sauti ya chini kidogo.

Elijah Masinde alizaliwa Maeni karibu na Kimilili, mwanzoni mwa karne iliyopita. Kabla ya kuwa nabii alikuwa mchezaji wa mpira. Mwaka 1930 alivaa jezi ya Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alifanya kazi katika baraza la mahakama ya Kimilili. Halafu miaka ya vita ikaja, na pamoja nayo kazi za kulazimishwa na amri za wakuu wa kilimo, hata amri ya kung'oa magugu shambani. Masinde akakataa. Akawaambia watu waache dini ya Mzungu, warudie misambwa ya mababu, wautazame Mlima Elgon wanapoomba, na kwamba Wazungu hawana budi kuondoka. Ndiyo Dini ya Msambwa. Serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, mwaka 1945. Kwa serikali ya wakati ule, Mwafrika aliyewaambia Wazungu waende kwao alikuwa amerukwa na akili. Aliachiliwa mwaka 1947, na maneno yake yakawa yaleyale.

Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatua risasi kwenye umati wa wafuasi huko Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu. Katika mashamba ya Trans Nzoia nyumba na maghala ya walowezi yaliteketezwa moto, na watu wa Msambwa ndio walioshukiwa na kufungwa. Sasa linganisha tarehe. Usiku ule wa Oktoba 1952 tunaouadhimisha, mtu wa Maeni alikuwa amekwisha tengwa na kwao zaidi ya miaka minne.

Alirudi Uhuru ukikaribia. Ungedhani angepewa kiti cha mbele. Serikali mpya iliisajili dini yake mwaka 1964, ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Masinde alikataa kunyamaza, hata kwa Waafrika wenzake, akaingia na kutoka gerezani katika utawala wa Kenyatta, akaachiliwa Moi aliposhika madaraka mwaka 1978. Alifariki mwaka 1987. Serikali ya mkoloni ilimwona hatari, na serikali ya wananchi nayo hivyohivyo.

Sitaki kukudanganya kwamba kila mtu wa Tongaren anampenda. Nyumba za Waquaker, Wakatoliki na Wapentekoste ni nyingi, na katika baadhi yao jina la Msambwa bado ni jina la ushirikina na vurugu. Utasikia ubishi mezani, kijana akisema alikuwa mpigania uhuru, shangazi akisema alipoteza watu. Waache wabishane, nawe usikilize. Uwanjani asubuhi hukusikia mtu akibishana juu ya shujaa yeyote.

KURUDI KWA NJIA YA WEBUYE

Siku ya tatu usirudi kwa Kitale. Toka Tongaren kwa njia ya Naitiri mpaka Misikhu, kisha Lugulu, mpaka Webuye, ambako utapata basi la Nairobi kwenye barabara kuu ya Malaba. Magunia ya mahindi ya kilo 90 yatakuwa yakisafiri pamoja nawe juu ya matatu, na kama una nafasi nunua gorogoro chache za maharage kwa wanawake wa kando ya barabara. Bei ya huku na ya sokoni Nairobi hazifanani hata kidogo.

Ukifika karibu na Webuye, shuka na upande kilima cha Chetambe. Watoto watalalamika mwanzo, halafu watakutangulia. Hapo juu ilikuwapo ngome ya udongo yenye handaki, na mwaka 1895 Wabukusu waliokuwa wamejikusanya ndani yake walishambuliwa na jeshi la Mwingereza C. W. Hobley, aliyekuwa na askari wa Kisudani, Waganda na Wamasai, pamoja na bunduki ya Maxim. Ngome ilivunjwa na watu wengi wakafa. Masetla wa kwanza wa Trans Nzoia walikuwa bado hawajaja.

Septemba 1947, miezi michache tu baada ya kutoka Mathari, Elijah Masinde aliwaongoza wafuasi wake kwa maelfu mpaka kilima hiki kuwakumbuka waliouawa mwaka ule wa 1895. Hakukuwa na gwaride wala sikukuu iliyotangazwa gazetini. Serikali ilituma watu wa kutazama na kuandika majina, na miezi mitano baadaye ikawa yale ya Malakisi.

Kutoka kilimani utauona mji wa Webuye chini yako, na kaskazini nchi ya mahindi inayopanda polepole kuelekea Naitiri na Tongaren ulikotoka asubuhi. Vaa viatu vya kushika ardhi, maana mawe huteleza mvua ikinyesha, na beba maji ya kutosha. Mabasi ya mchana ya kwenda Nairobi hupita Webuye yakitokea Bungoma na Malaba. Siku inayofuata sikukuu hujaa upesi, kwa hiyo kata tikiti mapema kabla hujapanda kilima.